Fizikia Iliyopigwa Mstari

Nilimwita Tonton, kama Wakongo tunavyowaita wajomba, ingawa hakuwa ndugu wa damu. Tulisali naye kanisa moja pale Yeoville. Kule Lubumbashi alikuwa daktari. Hapa Johannesburg vyeti vyake havikukubaliwa, akawa analinda geti la maghorofa Turffontein, na ndani ya kibanda chake cha ulinzi alinifundisha mifupa yote ya mkono. Mama yangu, msusi, alishamwambia, "Mtoto ni wako, mufanye daktari."

Mwaka wa pili chuoni ulipofika wakati wa kuchagua masomo, nilimpelekea fomu. Alivaa miwani, akatia alama kwenye anatomia, fiziolojia na kemia, kisha akaipiga fizikia mstari. "Hii ni ya mafundi umeme," alisema. "Mimi nilipasua watu miaka kumi na mbili, hakuna siku niliulizwa umeme."

Karani wa usajili aliitazama fomu akaniambia wazi: bila fizikia, mtihani wa kuingia udaktari sitauona. Nirekebishe pale pale, ataningoja. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Lakini nilijua Tonton ataomba kuiona fomu, na nilijua uso wake utakuwaje akikuta binti wa msusi amemsahihisha. Nikaikabidhi kama ilivyo. Eish, mpaka leo najiona mjinga wa mwisho. Heshima gani hiyo ya kujifungia mlango mwenyewe?

Mwaka uliofuata niliomba nafasi ya mtihani hivyo hivyo, nikijidanganya kwamba labda hawataangalia. Waliangalia. Jibu la kukataliwa nililisoma bafuni, nikalia wiki nzima, mama akidhani ni uchovu wa kusoma. Sikumwambia mtu.

Siku ya mtihani Tonton aliomba ruhusa kazini, akapiga pasi shati lake jeupe, akanisindikiza mpaka lango la chuo. Aliniombea pale pale watu wakipita, kiganja juu ya kichwa changu. Nikaingia, nikakaa maktaba masaa matatu nikitazama meza. Sikufungua hata kitabu. Nilipotoka nilimkuta amesimama pale nilipomwacha, hajala.

"Fizikia ilikuja?" aliniuliza.

"Haikuja, Tonton."

"Si nilikuambia, mama," akasema, kama alivyozoea kuniita, akacheka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake kibandani, akanibebea begi mpaka kwenye teksi.