Kidole cha Musafiri

Mwaka 1934 Musafiri, mtu wa Lusangi, alikuwa ametimiza miaka tisa katika labo, ile maabara ya Kasongo huko Kongo, akitafuta kwenye damu ya watu vidudu vya malali, ule ugonjwa wa usingizi. Siku moja alikuwa akimdunga simbilisi wa majaribio damu ya mgonjwa. Mnyama akafurukuta, sindano ikazama kwenye kidole gumba cha Musafiri. Alikikamua, akakifunga kitambaa, akanyamaza.

Alikuwa na sababu. Mwenzake Alimasi aliwahi kujikata kwa chupa ya damu, akaenda kusema. Munganga mzungu, daktari mkuu wa labo, aliamuru achapwe fimbo kwa uzembe, kisha akamfukuza.

Homa zikaanza. Kila moja aliiita malaria. Mwezi wa tano tangu ajichome, alisinzia akila, tonge mkononi.

"Baba Marie, unanificha nini?" mke wake Ernestine alimwuliza.

Alimfokea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akalia.

Kesho yake alijitoboa kidole, akaweka tone chini ya mikroskopi. Vilikuwamo, vikijinyonganyonga kama alivyoviona kwa mamia ya watu. Alitaka kufuta kioo. Akabaki amekaa hadi munganga alipoingia, akamwonyesha kioo na kidole chake.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano, Bwana."

"Mupumbavu! Sasa vimefika mu kichwa."

Kila wiki alichomwa dawa kali. Usingizi ukamwacha, lakini baada ya sindano ya kumi ukungu wa dawa ile uliingia machoni, na kabla ya mvua kwisha hakuuona tena uso wa Ernestine.

"Rudi kwenu Kabambare," alimwambia. "Mutu kama mimi iko wa nini?"

Ernestine alimwekea maji ya kunawa.

Musafiri akaomba apelekwe labo, kwa wafanyakazi wapya wawili. "Mukijichoma, museme siku ile ile."

"Na fimbo, Baba?" aliuliza mmoja wao, Raphaël.

Musafiri aliyagusa macho yake.

Mwezi uliofuata Raphaël alifika kwake mbio. "Baba, nimejichoma. Sasa hivi!"

Musafiri alimshika bega, wakaenda pamoja. Munganga aliwatukana wote wawili, tena kwa muda mrefu.

"Unichape mimi, Bwana," Musafiri alisema, "lakini kwanza ufungue kabati ya dawa."

Kabati ilifunguliwa, Raphaël akachomwa dawa siku ile ile. Raphaël hakuugua. Musafiri aliishi miaka kumi na miwili zaidi, gizani, na labo haikumwita tena.