Mkono Uliokataa Kata ya Maji

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za uwakili wangu, mwanangu, haikuwa ya mahakamani. Ilikuwa miaka ile ya sitini, mashamba ya kwetu yakipimwa ili kila mtu apate hati yake. Nilikuwa bado najifunza kazi katika ofisi ya wakili mmoja mjini Homa Bay. Nilikuwa na tai moja, suruali mbili, na maringo ya mtu mwenye kabati zima la nguo.

Wakili wangu alikuwa na mteja, mwenye mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Nyatike. Si ule wa Macalder unaojulikana na kila mtu. Huyu alikuwa na mashine moja na vibarua wachache. Alitaka kununua kishamba kilicho juu ya chemchemi, amwage hapo matope yanayobaki dhahabu ikishaoshwa. Muuzaji alikuwa ameandikwa kwenye daftari la mashamba kuwa ndiye mwenyewe, na matope yalikuwa yameshaanza kumwagwa. Aliyebaki kukubali ni mjane wa kaka yake muuzaji, Mama Akumu, aliyelima hapo tangu aolewe. Daftari lilikuwa wazi kwa siku sitini ili mwenye pingamizi aseme, na zilikuwa zimebaki siku nne. Nikatumwa nikachukue alama ya kidole chake kwenye karatasi inayosema hana neno.

Sasa sikia nililokuwa nimelificha. Wiki tatu kabla ya hapo, nikipanga mafaili, nilisoma barua ya fundi wa mgodi. Ilisema dawa ya kuoshea dhahabu ni sumu, na matope yale yasiwekwe karibu na maji ya kunywa. Niliisoma mara mbili, nikairudisha mahali pake, nikafunga kabati. Niliogopa. Niliogopa kufukuzwa, na niliogopa zaidi kumrudia baba mikono mitupu, yeye aliyeuza ng'ombe ili nisome. Nikajipoza moyo: mjumbe hauawi, kazi yangu ni kubeba karatasi tu. Hofu, mwanangu, ni hodari sana wa kutafuta methali.

Basi likanishusha barabarani, nikashika njia ya miguu. Nilipita chini ya kile kishamba. Matope ya kijivu yalikuwa yameteremka hadi kwenye mawe ya chemchemi, na wasichana wawili walikuwa wanachota huku wakicheka. Wakanisalimia. Nikawaitikia nikiangalia viatu vyangu.

Mama Akumu alinipokea kwa furaha, maana alisikia kijana wa kwetu amekuwa mtu wa sheria, akadhani nimekuja kumsaidia. Kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajapewa maji. Akachota kwenye mtungi, akaniletea kata kwa mikono miwili. Mjukuu wake, Adhiambo, alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha bati, naye anakunywa.

Nikaipokea kata, nikaiinua hadi kifuani, na hapo mkono ukagoma. Nakuambia kweli tupu, nilikuwa tayari kunywa. Kukataa maji ya mwenye nyumba ni tusi, na tena nilijua nikikataa nitajulikana. Lakini mkono ulitetemeka mpaka maji yakanimwagikia suruali. Nikaiweka kata chini, nikasema nimekunywa njiani.

Yule mama alinitazama usoni. Akaitazama tai yangu, akalitazama jasho langu, akaitazama ile kata. Kisha akamnyang'anya mjukuu kikombe, akaubeba mtungi mzima na kuumwaga nje ya mlango. Alipomaliza ndipo aliponiambia polepole, kwa Kijaluo:

"Nyathina, mwanangu, mdomo wako umenidanganya, ila mkono wako umesema kweli. Sasa ufundishe mdomo, maana watoto wangu wanakunywa maji haya tangu hayo matope yaje."

Nililia, mwanangu, na tai yangu shingoni. Nikamwambia yote. Kisha nikaigeuza ile karatasi niliyotumwa nayo, nikaandika nyuma yake pingamizi la Mama Akumu, na wino niliouleta ili umnyang'anye shamba ndio uliopakwa kidoleni mwake. Asubuhi yake tukapanda basi la Homa Bay, yeye na Adhiambo na mimi. Kila mara Adhiambo alipokohoa, moyo wangu ulisimama. Tulimpitisha hospitalini kwanza, ofisi ya mashamba baadaye.

Siku hiyo hiyo nilifukuzwa. Wakili wangu alisema anayetoa siri ya mteja si wakili, na mpaka leo sisemi kwamba alikosea yote. Kosa langu halikuwa kusema. Lilikuwa kuingoja ile kata ya maji.

Adhiambo alipona, Mungu ashukuriwe, ingawa ndama wawili wa bibi yake walikufa kwa maji yale. Pingamizi lilisikilizwa, jina la Mama Akumu likaandikwa, na mwenye mgodi akazuiwa. Lakini chemchemi haikunyweka tena. Labda wiki zile tatu zangu ndizo zilizoiua, labda sivyo. Hakuna hakimu wa kunijibu. Mama Akumu alipanda mlima na maji ya mto kichwani mpaka miguu ikamshinda. Hakunilaumu hata mara moja. Ila kila nilipomtembelea, nikiwa sasa wakili kamili, aliniletea maji, akasimama kuuangalia mkono wangu mpaka nimalize.

Kwa hiyo, mwanangu unayeanza kazi hii, nakuusia hivi. Kabla hujabeba karatasi ya mtu, nenda ukaone ardhi inayoandikwa humo, na uulize nani anakunywa chini yake. Ukikuta sumu kwenye faili, mwambie bwana wako siku hiyo hiyo, na asipokusikia umrudishie kazi yake. Usikae nayo wiki tatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo hicho si lazima kiwe chako.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe wateja wakweli. Na akikunyima hao, basi akupe mkono unaotetemeka.