Vijumba Viwili Kutoka Wamaza

Binti yangu ameolewa Wamaza, na mutoto wake wa kwanza tulimuzika. Mimba ya pili ilipofika mwezi wake, mimi hapa Kasongo simu haikutoka mukononi. Kule rezo ya simu iko juu ya kilima tu. Ukipiga haupati mutu, unangoja mwenyewe apande.

Mu familia yetu, nyumba iliyopata mutoto haimutaji kwa maneno mpaka mama ya mama amemubeba. Zamani walituma jani bichi kama yuko hai, na aliyelipokea hakuuliza kitu. Kwa hiyo nilijua binti yangu hawezi kuniandikia kwamba amezaa. Nilimulea vizuri.

Asubuhi moja simu ikalia. Yangu ni ile ya vifungo, betri yake inashika moto siku ine, siibadilishi na ya mutu. Mesaje ilitoka kwake, lakini ndani hamukuwa herufi hata moja. Kulikuwa vijumba viwili vitupu vya pembe ine, kimoja kando ya kingine.

Niliacha masomo mwaka wa pili wa primeri, lakini kuhesabu najua. Vijumba viwili, basi ni mapasa, watoto wawili wa mimba moja.

Sikungoja mutu. Nilishuka kwenye chemchemi nikiimba wimbo wa mapasa, ule wa matusi ambao siku nyingine ungekuletea kofi. Wanawake wakaweka ndoo chini, wakaitikia. Jirani yangu, mwenye ulimi kama wembe, akasema, "Kumbe kwenu mukikosa mumoja, munachukua wawili."

Saa sita mujukuu wangu akarudi, habari ya mapasa ameipata njiani. Ni binti wa mutoto wangu mukubwa, mimi bibi yake ananiita Koko, na anasoma informatike, kazi ya kompyuta, hapa mujini. Akaangalia simu, hakucheka.

"Koko, nani amekuambia mapasa?"

"Simu. Hauoni? Viwili."

"Simu imeshindwa kusoma, ndiyo sababu imechora vijumba. Herufi hazisafiri, Koko. Inayosafiri ni namba. A iko na yake, sitini na tano, B sitini na sita. Kila simu iko na kitabu ndani: ukipokea namba hii, chora hivi. Kitabu cha simu yako ni cha zamani. Shangazi ametuma picha ndogo moja, na picha za namna hiyo zilikuja nyuma, zikapewa namba kubwa sana. Namba kubwa hivyo haienei mu chumba kimoja cha mesaje, inakatwa vipande viwili. Simu yako haikujua hata kimoja, ikachora kijumba kwa kila kipande."

"Kwa hiyo ni kitu kimoja."

"Kimoja."

"Kitu gani?"

"Hapo sijui. Inaweza kuwa mutoto. Inaweza kuwa uso wa mutu analia."

Nilikuwa nimeimba matusi mbele ya mutaa muzima, na labda kule Wamaza walikuwa wanachimba kaburi.

"Hiyo namba imepotea?" nikamuuliza.

"Haijapotea, iko humo ndani. Tuitume kwa simu yangu, kitabu chake ni kipya."

Akabonyeza. Simu yake ikalia kabla sijameza mate. Akaigeuza kwangu, nikaona kichwa cha mutoto, cha mviringo, na unywele mumoja umesimama katikati.

"Ni mutoto, Koko. Mumoja."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, na sioni haya kusema kwamba nilijikojolea kidogo.

Halafu nikarudi kwenye chemchemi, niwaambie mwenyewe kabla midomo mingine haijawaambia. Niliwaambia simu yangu ilikata kitu kimoja katikati, na mimi nikaimba vipande.

"Basi umetuimbisha matusi bure," jirani akasema.

"Ulivyoyapenda, ungeyaimba hata bila mutoto."

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Niliwaacha hapo, nikaenda kutafuta mutu wa pikipiki. Binti yangu alikuwa na mutoto hai mikononi, na mpaka nifike nimubebe, kule hapakuwa mutu wa kumutaja.