Maji ya Kizuka

Baba alifariki kaskazi ilipoanza kukaza, na kabla hatujaondoa matanga mama alinivuta pembeni akaniuliza kama nimezimwagia mboga maji. Nilimkasirikia. Nilidhani mwanamke aliyefiwa na mume hana haki ya kuwaza mabiringani. Nilikuwa kijana, nimeolewa karibuni, nakaa orofa ya juu ya nyumba ile ile niliyozaliwa, maana katika mji wetu wa Amu, yaani Lamu, miaka ile ya hamsini binti wa nyumba ya mawe alipewa pa kukaa juu ya wazazi wake. Hasira nilikuwa nazo tangu utotoni, na sikuwa mtu wa kuzificha.

Bustani yenyewe ilikuwa ndani ya gofu, ng'ambo ya kichochoro, mkabala na mlango wetu. Zamani ilikuwa nyumba ya babu. Dari zake zilianguka kabla sijazaliwa, zikabaki kuta nne nene zilizozuia upepo wa chumvi. Baba na mdogo wake walilirithi gofu lile pamoja. Mdogo wake huyo, ami yangu, alitaka kuzibomoa kuta apate mawe ya kuwajengea wanawe, na baba akamwomba amwachie mama apande mboga. Kifusi cha chokaa hakioti kitu, kwa hiyo baba alileta udongo mweusi kutoka shamba lake la Kililana, makanda kwa makanda, kwanza kwa mashua, kisha juu ya migongo ya punda. Yeye hakuwa mtu wa maneno matamu. Alileta udongo.

Mama alipanda mchicha, bamia, mabiringani, pilipili na matango. Alivuka kichochoro alfajiri na baada ya magharibi, kwa kuwa mwanamke wa nyumba kama yetu hakuonekana njiani mchana. Ili kukinga jua alitandika makuti juu ya matuta, na kando ya matuta akachomeka miiba, kwa sababu paka wa Amu wakiona udongo laini huona choo. Hakuuza hata jani moja. Kila jioni sahani zilitoka kwetu zimefunikwa kawa, zikaenda kwa majirani, na zilirudi na chochote alichopika jirani.

Matanga yalipokwisha, ami alikuja akakaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Mama alikuwa nyuma ya pazia, nami nilisimama katikati nikiwapokeza maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenziwe vizuri kabisa.

"Mwambie shemeji," alisema, "neno la ndugu yangu sitalivunda. Maadamu gofuni mna mboga na watu wazila, mimi sitii mtaimbo. Lakini ikiwa hapana kitu, mawe ni mawe, na wanangu hawana pa kulala."

"Mwambie ami yako mboga zitakuwapo, inshallah," mama alijibu.

Hakuwa mtu mbaya. Samaki tuliokuwa tukila siku zile ni yeye aliyetuletea. Jambo hilo lilinikera zaidi, kwani mtu mbaya ungemchukia ukalala.

Kwa hiyo ilibidi bustani ile ivuke kaskazi, miezi ile ya jua kali bila mvua, ikiwa hai, na mwenye bustani alikuwa amefungiwa ndani. Mwanamke aliyefiwa na mumewe, kizuka kama tumwitavyo, hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mama alivaa nguo nyeupe, hakutia wanja wala mafuta ya kunukia, hakuvuka kizingiti. Kichochoro chetu kilikuwa chembamba hata punda wawili hawapishani, na ng'ambo yake yeye hakuweza kufika. Dirisha letu halikutazama gofuni. Alikaa akinusa. Alfajiri akisikia harufu ya jivu alijua kwamba nimewamwagia wadudu wa bamia, na asipoisikia aliniita.

Kazi yote ikawa yangu. Nilikuwa nikirudi na buibui limejaa vumbi, naye ananihoji. Mbiringani wa pembeni umeinama upande gani? Samadi ya punda niliyotia ni kavu au mbichi? Mbichi ingeunguza mizizi. Nilimjibu kwa mkato, kisha nikaona haya, maana aliuliza kama mama aulizaye habari za mtoto aliye safarini.

Jua likazidi. Kisima chetu, kama visima vingi vya mji, kilianza kuingia chumvi, na mchicha nilioumwagia ukaungua ncha, majani yakajikunja yakawa kahawia. Maji ya mvua yaliyokuwa kwenye birika la nyumba yalitosha kupikia, kutawadhia na kukoga tu. Maji ya kunywa yalikuja kwa punda kutoka Shela na tuliyatunza kama dawa. Nilimwambia mama kwamba nimeshindwa. Siku ya pili nilimkuta amevuta beseni kubwa la shaba katikati ya kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, anatawadha juu yake ili hata tone lisipotee.

"Mwambie mume wako naye atawadhe hapa," akaniambia. "Na mai ya kuoshea mtele. Na nikikoga mimi bila sabuni, yangu yote nawe uyateke."

Basi tukafanya hivyo. Kila sala ilitupa maji kidogo, na kidogo kidogo beseni lilijaa. Nilibeba kwa debe, nikatia kila shina kwa mkono, sikumwaga ovyo. Mchicha ukainuka. Mibiringani ikatoa maua ya zambarau. Nilipomletea mama habari ya ua la kwanza, uso wake ulilegea, nami nikaelewa, kwa kuchelewa kidogo, kwamba hakuwa akiwaza mabiringani hata siku moja. Udongo ule ulikuwa ndio kitu pekee cha baba kilichokuwa bado kinafanya kazi.

Shangazi alikuja kila baada ya alasiri kukaa na mama. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane tangu ujana wake, mwanamke ambaye wake wa mtaa walimsikiliza kuliko waume zao. Siku moja alinikuta nachota kutoka kwenye lile beseni.

"Wayapeka wapi mai hayo?"

"Gofuni, shangazi."

Alikiweka chini kikombe cha kahawa. "Mai ya kizuka? Kwenye mboga za watu?"

Katika ukoo wa baba ilikuwa desturi maji aliyokoga kizuka yamwagwe kwenye shimo kiwandani, shimo lifunikwe jiwe, ili msiba wake usimfikie mwingine. Mimi nilikuwa nimelisikia jambo hilo kama usikiavyo habari za majini. Mama alilijua vizuri zaidi, na aliamua kulipita.

"Wifi," alisema taratibu, "ni mai tu."

"Mwacha mila mtumwa," shangazi alijibu, akajitia buibui lake, akaondoka hajamaliza kahawa.

Jioni yake nilipeleka sahani za mboga kwa majirani kama kawaida. Zikarudi zimefunikwa vile vile nilivyozifunika, na salamu nyingi juu yake. Mmoja alishukuru sana akasema, "Yeo tumepika samaki." Wa pili alikuwa ameshiba. Wa tatu, aliyekuwa na binti mjamzito, hakunizungusha: aliniambia nisilete tena mpaka mama atoke eda na matuta yalimwe upya. Damu ilinichemka. Wanawake hao hao walikuja kila siku kumpa mama pole, wakamshika mikono, wakalia naye.

Nilimtuma mume wangu kwa mwalimu wa msikiti wetu. Alirudi na jibu nililolitaka: maji yaliyotawadhiwa ni tohara, hayafai kutawadhia mara ya pili, lakini kumwagia mmea hakuna ubaya wowote, na maji ya kizuka si najisi. Magharibi hiyo hiyo nilikwenda kwa shangazi nikamtupia maneno hayo, mtu atupavyo karata ya kushinda. Alikuwa akichambua mchele kwenye uteo. Hakuinua macho.

"Mwalimu asoma chuo," alisema. "Mimi mwanangu naishi na mui huu na watu wake."

Habari zikamfikia ami. Akatuma ujumbe wa heshima kama yeye mwenyewe: alikuwa amesema mboga ambazo watu wazila, na mboga zisizoliwa kwake ni magugu. Ila hakutaka kumdhulumu mjane. Angengoja siku ya mama kutoka eda. Siku ile wake wa ukoo na wa mtaa wangekusanyika nyumbani, wangemkogesha, wangemvisha nguo mpya, kisha wangekula pamoja. Wakila mboga za gofuni, kuta zitabaki.

Siku ilipofika mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yameshasimama upande wa bara. Mama aliniambia, "Tuma mboga zote zilizo nzuri. Usiwate hata moja."

Nilizichuma zote, sikuacha, makapu mawili. Tulipika mchicha wa nazi, bamia, na mabiringani kwa papa mkavu, tukapakua juu ya wali. Nathubutu kusema sijala chakula kizuri kama kile tena. Wake walijaa ukumbini. Mama alitoka amekogeshwa, amevaa leso mpya, amekonda, akapita masinia mengine yote akaenda kukaa kwenye sinia la shangazi. Mimi nikakaa ubavuni mwake. Akasema bismillahi, akala. Nami nikala.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila jicho lilikuwa kwa shangazi, na sote tulijua kwamba akionja yeye, ukumbi mzima utaonja. Aliosha vidole. Akavisogeza mpaka ukingoni mwa wali, vikasimama hapo.

"Miye nalikaa eda nina mwana wa kunyonya," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Wakinipa sahani yangu mbali, kikombe changu mbali. Nikikoga, mai wakiyafukia, na alofukia akenda kukoga naye. Nalistahimili. Naliambiwa ndiyo ndia ya mila, nikastahimili mpaka mwisho." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Sasa mwataka nile, niseme yalikuwa mai tu?"

Mama alinyoosha mkono wake amshike. Shangazi aliuvuta wake, akaupangusa kwa ukingo wa leso ingawa haukuwa umegusa chakula, akasimama, akatoka.

Wake waliobaki walikula wali. Niliwaona wakiusukuma mchicha kando kwa ncha za vidole, kwa adabu, wasimwumize mtu. Nilifungua kinywa niwatukane wote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaimeza hasira, maana bado nilikuwa namwona yule mjane kijana aliyepewa kikombe chake mbali.

Ami alingoja mpaka mvua kubwa zikapita, ndipo akaleta wajenzi na mitaimbo. Alijitolea kutuchotea ule udongo autie kiwandani kwetu. Mama alisema hapana haja, kiwanda hakipati jua. Mawe yalipakiwa juu ya punda kutwa nzima, na tulipofungua mlango nuru iliingia mpaka ndani ya daka, mahali ambapo haikuwahi kufika.

Mama alikuwa huru sasa. Nilimshawishi tukaamkie jamaa, tukahudhurie arusi, twende hata kwa binti yule wa jirani aliyejifungua mtoto mzima wa afya. Alikuwa akijitia buibui, akiteremka nami mpaka mlangoni, akitazama ile nuru, kisha akipanda ngazi kurudi ndani. Iliendelea hivyo miaka yote iliyombakia. Mtaani walimsifu wakasema Bi yule ni mcha Mungu, eda imekwisha lakini amependa kukaa ndani. Nilikuwa nikiwajibu, na hata leo akitokea wa kulisema namjibu: hakupenda.