Jirani Aliyeniomba Kila Kitu

Wiki yangu ya kwanza katika mtaa wa Kanamkemer, jirani yangu aliingia jikoni bila kubisha hodi, akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok," akatazama huku na huku, kisha akaniomba sukari. Nikampa. Siku iliyofuata akaniomba kandambili nilizokuwa nimevaa. Mimi sina subira na watu wa aina hiyo, na nilimwambia waziwazi kwamba kandambili ni zangu na bado nazitembelea. Akacheka, akaketi, akanywa chai yangu, na alipokuwa akiondoka akaziomba tena.

Tulikuwa wahadhiri wa kampasi moja ndogo ya Lodwar. Yeye ni mzaliwa wa Lokori, mimi ni mtu wa "Kenya", kama wanavyotuita huku sisi tunaotoka kusini, utadhani Turkana ni nchi nyingine. Ni yeye aliyenifungua macho. "Asiyekuomba kitu si rafiki yako," aliniambia. "Rafiki anaomba. Ukikataa, hakuna neno, ataomba kesho. Na wewe uombe." Kitu kikishatolewa hakirudishwi. Ukikirudisha, ni kama kumwambia mwenzako kwamba hamjuani tena.

Nikajifunza, tena haraka. Nilimwomba mkeka wake wa mikoma nikaupata. Yeye aliniomba chujio, leso yangu nzuri, chupa ya chai, na mwishowe nikachoka kukataa, kandambili nazo zikaenda. Ua wa mathenge uliotutenganisha tuliutoboa pengo la kumtosha mtu na sufuria yake. Miiba ilitukwaruza wote wawili siku ile, na tulicheka kama watoto.

Joto la Lodwar ndilo lililotupangia kazi. Tulifundisha alfajiri, mchana tukajifungia ndani, alasiri tukasahihisha mitihani chini ya mwarobaini wake, kila rundo la karatasi limewekewa jiwe ili upepo usije ukalibeba hadi mto Turkwel. Mbuzi wake mmoja aliwahi kutafuna nusu ya insha ya mwanafunzi. Tulibishana jioni nzima kama nusu iliyobaki inatosha kumpa alama ya kupita, na yeye akashikilia kwamba mbuzi alikuwa amekula sehemu mbaya. Mtandao ukipatikana kwake, nilibeba kompyuta nikapita pengoni. Maji yakifika kwangu, alikuja na mitungi.

Kila Alhamisi nilikwenda Kakuma. Kampasi ilikuwa na gari moja tu la kutegemewa, na siku hiyo lilikuwa langu. Kule nilikuwa na darasa la walimu wakimbizi, wengi wao kutoka Sudan Kusini, waliosomea stashahada ya ualimu na kubakiza muhula wa mwisho. Gari lisipokwenda kwao, masomo yamekwisha, kwa sababu mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Jirani yangu alilijua hilo vizuri. Aliwahi kukaa nami asubuhi nzima kwenye benchi nje ya ofisi ya vibali, tukimfuatilia mwanafunzi mmoja kibali cha kuja kutumia maktaba yetu. Hakikutoka.

Barabara ile ilinichosha, sifichi. Nilirudi jioni mgongo unaniuma na vumbi masikioni, nikajitupa kwenye mkeka chini ya mwarobaini na kuanza kulalamika. "Natamani hilo darasa life, nilale," nilisema Alhamisi moja. Akanimiminia chai, akacheka. Alhamisi iliyofuata nilikwenda kama kawaida. Kwangu mimi kulalamika na kwenda vilikuwa kazi moja, na nilidhani yeye kuliko wote ananijua hivyo.

Kisha kukawa na kikao cha kupanga ratiba ya muhula mpya. Jirani yangu akasimama. Kwa Kiingereza kilichonyooka cha ofisi, alisema watu wa Lokori wanahitaji darasa, gari ni moja, na siku inayofaa ni Alhamisi. Hilo ningelielewa. Akaendelea kwamba wanafunzi wa Kakuma wanaweza kuja Lodwar. Halafu, bila kunitazama, akasema mwalimu wa Kakuma mwenyewe amechoka. Amemwambia kwa mdomo wake kwamba anatamani darasa hilo life.

Nilisimama. Nilieleza habari ya vibali, nikasema maneno yale yalikuwa ya kwenye chai tu, ya mtu aliyetoka safari. Mkuu wa kampasi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Lakini uliyasema?"

Niliyasema. Kikao kikasonga mbele kwenye suala la matangi ya maji.

Nilikwenda Kakuma mara ya mwisho kuwaaga. Njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi ya kuwaambia, kumbe ofisi ya kampasi ilikuwa imenitangulia. Mama mmoja wa makamo, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, aliyezoea kuja na mtoto mgongoni, alisimama kwa niaba ya wenzake.

"Mwalimu, ofisi ilituma kwa simu. Inasema mwalimu amechoka, darasa kwisha. Sisi hapana kasirika. Hii barabara ni mrefu." Akamweka mtoto sawa. "Pole kwa kuchoka, mwalimu."

Na darasa zima likaitikia, "Pole, mwalimu."

Niliwaambia ukweli wote. Walinisikiliza kwa adabu ya watu walioelezwa mambo mengi na ofisi nyingi, na kadiri nilivyokana ndivyo nilivyosikika kama ofisi nyingine tu. Sijawahi kuona uchungu kama ule. Wale watu walikuwa wananihurumia.

Jioni hiyo nilipita pengoni bila salamu. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Mbona hukuniomba?"

"Kukuomba nini?"

"Alhamisi. Umeniomba mpaka kandambili za miguuni. Hiyo mbona hukuniomba?"

Hakuinua kichwa. "Ungekataa."

"Ningekataa. Kisha ungeniomba kesho. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Alichambua kidogo, akaacha. "Hao wa Kakuma kila mtu anawaona, dada. Lokori nani anaiona? Watu wangu wangoje mpaka lini?"

Hasira ikanizidi kwa sababu alikuwa na haki. Nilimwambia kama angesema hivyo mapema tungegawana gari, wiki moja lake, wiki moja langu, na darasa langu lingemaliza. Nilimwambia amenisaliti, kwamba amechukua maneno ya chini ya mwarobaini wake akayapeleka mezani kwa mkuu. Aliendelea na maharagwe yake. Nikarudi kwangu.

Muhula ulipoanza, gari lilielekea Lokori bila yeye. Alhamisi ya kwanza alitumwa dereva peke yake na vitabu. Mimi nilikuwa kitandani, nimelala kama nilivyotamani, niliposikia hodi. Nilishangaa, maana ilitoka mlango wa mbele, na huku hakuna jirani anayenibishia hodi.

Alikuwa amesimama barazani na beseni mikononi. "Nimekuletea vitu vyako," akasema. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, chujio na leso iliyokunjwa vizuri. Juu ya leso alikuwa ameweka kandambili, zimeoshwa.