Kuwateremsha Nguruwe wa Mama Aikande

Nilipanda mlimani hadi kijiji cha Kidia ili kuokoa jina la mjane mmoja, Mama Aikande. Watu walikuwa wameharisha vibaya baada ya kula nguruwe wake kwenye sherehe ya ubarikio wa watoto kanisani, na mwenye bucha mjini Moshi aliapa kwamba wakiugua tena, hatanunua mnyama wake milele. Sasa kulikuwa na arusi, na nyama yake ingetoka tena kwa mama huyo. Mimi, msaidizi wa bwana mifugo, nilitumwa kuwasindikiza hadi mjini nguruwe wawili aliobaki nao.

Wale wa kwanza, alinieleza jioni niliyofika, walifungwa kamba na kutupwa kwenye lori mchana wa jua kali, pamoja na nguruwe wa watu wengine. Nikamwambia tulivyofundishwa kazini: nguruwe mzima huweza kubeba vijidudu tumboni bila kuumwa, ila akitishwa na kuchoshwa huvimwaga kwa wingi kwenye kinyesi, wenzake wakaambukizwa, na nyama ikachafuka.

Asubuhi nilirudi kihambani kwake, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, na fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo fimbo iache hapo kwenye migomba."

Akatangulia na beseni la machicha ya mbege, ile pombe ya ndizi, akiwaita kwa sauti ya chini. Wakamfuata kama watoto wanaokwenda kanisani! Kwenye mfereji aliwaacha walale topeni.

"Jua linakuja, mama," nikamhimiza.

"Na lije. Litatukuta kivulini."

Tulipofika Kiboriloni, chini ya mlima, ilikuwa siku ya soko. Tukalizunguka soko lote kwa njia ya shambani, na miguu yangu ikalalamika.

Moshi, mwenye bucha alitufungulia zizi lililojaa nguruwe wageni, wakipigana na kuharisha.

"Hapo hawaingii," akasema Mama Aikande. "Wanarudi Kidia."

"Mlima wote ule?"

"Walishuka, watapanda."

Akageuka kweli na beseni lake, nguruwe wakimfuata. Mwenye bucha aliguna, akaagiza zizi jingine lisafishwe. Wakalala humo, kinyesi chao kikavu. Nilimpenda mama yule kwa kiburi chake.

Arusi ilipopita nilipanda tena kumwambia kwamba hakuna aliyeugua. Alijifunika uso kwa khanga, akalia.

"Njia nzima nilikuwa nakufa kwa hofu, mwanangu."

Nilikuwa nimetembea naye mlima mzima nisijue, wala nguruwe wake hawakujua.