Udi Kwenye Chumba cha Chai

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ndita, na kwamba mkunga aliniomba radhi kabla ya kunishika. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kuwa haya nitakayoyasimulia niliyatenda kwa upole. Yule mzee nilimpenda sana, lakini nilimpenda kwa kugombana naye.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mashamba ya umma yalikuwa yanauzwa, na maduka ya Lushoto yalianza kujaa sabuni za kila rangi. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kemia, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha chai upande wa Kwamkoro, safari ya siku nzima kutoka kwetu Lushoto. Kazi yangu iliitwa maabara. Maabara yenyewe ilikuwa meza moja, mizani, na vipimajoto viwili, kimoja kikiwa na ufa.

Mzee alikuwa msimamizi wa chumba cha kuivishia. Chai ikishasagwa hutandazwa pale ipate hewa, na taratibu hubadilika kutoka kijani mpaka rangi ya shaba. Ikitolewa mapema, kikombe kinakuwa kikali na kibichi. Ikichelewa, inapooza na hakuna wa kuirudisha. Kati ya mapema na kuchelewa pana dakika chache tu, na kwa miaka mingi dakika hizo zilikuwa zikikaa kwenye pua ya mtu mmoja. Hakuwa na saa. Alichota konzi la majani, akalinusa, akasema, "Bado." Akazunguka. Akanusa tena, akasema, "Sasa," na akina mama wenye makoleo wakaanza kupeleka chai kwenye mashine ya kukaushia.

Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Tanga, mjane, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa hukohuko Tanga. Aliishi katika nyumba ya kampuni yenye milimao miwili mbele. Asubuhi aliwasalimu akina mama wa makoleo kwa Kishambaa, "Onga makeo," hata wale waliotoka Iringa na Kigoma, nao walijifunza kumjibu hivyohivyo. Hakula vitunguu. Sisi tulidhani ni dini, kumbe ilikuwa pia ni pua. Mlangoni mwa chumba chake palikuwa na kibao: hakuna sigara, hakuna vitunguu, hakuna manukato.

Meneja wa wamiliki wapya alipokuja, aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera zaidi. Aliniambia, "Yule mzee akiugua kesho, kiwanda kitasimama. Mfuate kwa daftari. Andika anajuaje."

Nikamfuata. Wiki ya kwanza nilijiona hodari. Alipotamka "Sasa," nami nilichota, nikanusa, nikaandika: harufu ya tufaa lililoiva. Nikamsomea.

"Siyo hivyo," akasema.

Kesho yake: harufu ya maua.

"Siyo hivyo."

Harufu ya nyasi zilizokatwa, kisha jua likapiga. Harufu ya mkate unaotoka jikoni. Harufu ya mvua kwenye vumbi. Kila moja aliisikiliza kwa adabu, ameinamisha kichwa, halafu akasema siyo hivyo. Siku ya kumi nikatupa kalamu.

"Shikamoo mzee, na kwaheri," nikamwambia. "Naona unanichezea."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akanikaribisha chai ya limao barazani kwake, akaniambia kwamba "siyo hivyo" ndilo jibu walilopewa wahenga wake walipouliza habari za Mungu. Si mungu mmoja kati ya mingi, akasema. Kile kilicho nyuma ya yote. Ukiuliza ni nini, unajibiwa: siyo hiki, na hiki nacho siyo. Unavua jina moja moja kama unavyomenya kitunguu, na mwisho hushiki kitu mkononi, lakini macho yanakutoka machozi.

"Wewe kitunguu umekijulia wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa kijana pia," akasema.

Sikuwa mtu wa kukubali haraka. Nikamwambia mbona Wahindi wana picha za miungu kibao, mwingine ana kichwa cha tembo. Akanionyesha kikombe nilichoshika. "Hizo ni vikombe. Huwezi kunywa chai bila kikombe. Lakini hujaona mtu akitafuna kikombe." Nikamjibu kuwa kwetu madrasa tulifundishwa Mwenyezi Mungu hafanani na chochote, na kila utakachomdhania moyoni, Yeye siye hicho. Alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi. "Basi tumesoma darasa moja," akasema, "ila madawati mbalimbali."

Kuanzia hapo, jioni baada ya kazi nilikuwa barazani kwake. Sayansi aliipenda kuliko mimi. Nilipomweleza kuwa kila kipimo kina kosa lake, na mkemia mkweli huliandika kosa hilo pembeni mwa namba, alinifanya nirudie mara tatu.

"Pembeni hapo ndipo anapokaa," akasema.

"Na nikipata kipimajoto bora, kosa likapungua?"

"Atasogea kidogo, akupishe."

Nilikasirika. Nikamwambia Mungu wa kusogezwa na kipimajoto simtaki. Akaacha kucheka. Alisema nilikuwa na haki, alikuwa akinitania. Kisha akasema neno nililolichukua nyumbani na kulilalia: "Wewe unapima chai. Unapima joto. Sasa mpime huyo anayepima. Macho yanaona milima yote hii mpaka kule bondeni, lakini hayajioni."

Daftari langu lilibaki na namba za joto na dakika, nyingi na safi, na upande wa harufu palikuwa na mistari iliyokatwa. Meneja alilipekua, akasema kilichobaki ni kujaribu tu. Siku moja pua na kipimajoto vitakaa kwenye chumba kimoja, kila kimoja kichague dakika yake, na muonjaji ahukumu. Pua ikishinda, mzee atapewa mkataba mpya na kubaki na nyumba yake. Ikishindwa, atapumzika, na kazi ataifanya yule mwenye daftari. Yaani mimi.

Nilimwombea mzee kwa dhati ashinde. Sikuitaka nafasi yake, wala sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimemwona akinusa kwa miezi, na sikuwahi kumwona akikosea.

Siku ya jaribio ilipangwa Jumatatu baada ya Idd. Nilikwenda kwetu kusherehekea. Mama, kama ilivyo desturi yake, aliweka chetezo chini ya tenga, akatandaza nguo zangu zote juu ya moshi wa udi, hata soksi. Mama yangu analima kabichi na hana makuu, lakini kwa udi hana mchezo. Mtoto hatoki nyumbani kwake siku za Idd akinuka safari. Jumapili nilisafiri kutwa, nikafika nimechoka. Jumatatu nikajitanda mtandio wangu mpya, nikavaa koti jeupe la maabara juu yake, nikakimbilia chumbani na daftari langu. Udi ulikuwa umenikaa siku tatu mfululizo. Nilikuwa siusikii tena.

Meneja alikuwepo, na kipimajoto kipya chenye namba za kuwaka. Muonjaji alikuwepo na vikombe vyake. Akina mama walisimama na makoleo. Mimi nilisimama pale ninaposimama siku zote, begani kwa mzee.

Alichota konzi. Akanusa. Akatupa, akachota jingine upande wa pili. Akanigeukia, akanitazama kidogo, na uso wake ulikuwa laini kwa namna ambayo sikuielewa. Halafu akatazama dirishani.

"Vipi, mzee?" meneja akauliza.

"Leo sijui."

Nilidhani sikusikia vizuri. Meneja akangoja, akauliza tena, na kwa heshima. Mzee akarudia, "Huwa najua. Leo sijui." Kipimajoto kikalia. Makoleo yakaanza. Meneja akaniambia niandike, nami nikaandika kwa mkono wangu, kwenye safu ya pua: Hajui.

Nilimfuata nje nikiwa nawaka. Hata shikamoo siku hiyo sikumpa. Nikamwambia kuna mahali pa falsafa na mahali pa kazi. Kwamba siyo-hivi-siyo-hivi yake ameileta siku ambayo mtu alitakiwa aseme neno moja tu, "Sasa," abaki na nyumba yake. Nikamwambia ana kiburi, anaona raha kutojua. Mzee wa umri wa babu yangu alisimama kwenye ukungu akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nenda ukale, binti," akasema. "Umetoka safari."

Saa nne, wakati wa uji, nilikaa peke yangu nimevimba. Mama mmoja wa makoleo, mtu wa Bungu, akaja akaketi karibu, akavuta pumzi, akatabasamu. "Dada, leo unanukia kama bibi harusi," akasema. "Chumba chote kile."

Niliuweka uji chini. Nilivua mtandio, nikauweka puani, sikusikia kitu. Nikamwomba anuse daftari. Akacheka: hata daftari.

Nilikwenda kwa mzee mbio. Alikuwa barazani akimenya limao, na nilianza kulia kabla sijafika ngazi. Nikamuuliza alijua lini.

"Ulipofungua mlango."

"Kwa nini hukusema? Ungesema tu, nikatoka, ukasubiri hewa ibadilike!"

"Mbele ya meneja? Na kibao kile mlangoni? Ungefukuzwa kazi siku hiyohiyo."

"Basi ungekisia! Ungesema sasa, lolote!"

Hapo akaweka kisu chini. Alisema kukisia angeweza, na huenda angepatia. Lakini miaka yote hakuwahi kusema "Sasa" bila kujua, na hakuona sababu ya kuanza. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake alikuwa akichoma udi kila alfajiri mbele ya taa ya ibada, katika nyumba yao ya Tanga, na nywele zake zilinuka hivyo mpaka jioni. "Nilipoinama leo sikuinusa chai. Nilimnusa yeye. Ningesemaje najua?"

Sikumsikiliza aliponikataza kwenda kwa meneja. Kesho yake nilikwenda ofisini nikakiri kila kitu. Meneja alinisikiliza hadi mwisho. Akaniandikia barua ya onyo kwa ajili ya kibao, kisha akasema kwamba amesikitika, ila pua inayozibwa na mtandio wa binti mmoja si kitu cha kuegemeza kiwanda. Alikuwa na haki, na haki yake haikunipunguzia chochote.

Mzee aliondoka mwezi uliofuata kwenda kwa binti yake. Akina mama walimbebea mizigo mpaka kwenye lori la kiwanda, wakabishana nani abebe taa yake ya ibada. Mimi niliachiwa chumba, kipimajoto na kibao. Kwa namba zangu chai ilitoka sawasawa, wiki kwa wiki, na wanunuzi hawakulalamika. Lakini nilijifunza kuchota konzi, na sikujipaka hata mafuta ya nazi.

Kila msimu nilimtumia pakiti moja kwa dereva wa lori lililoshuka Tanga. Kila msimu dereva alirudi na kipande cha karatasi chenye mwandiko wake wa kuinama: Siyo hii. Mwaka wa pili: Siyo hii, lakini umekaribia. Mwaka wa tatu: Siyo hii, na milimao yenu inaendeleaje? Nilizibandika zote ndani ya daftari. Nilikuwa nikimtukana peke yangu na kujitahidi zaidi.

Mwaka wa nne nilikuwa na pakiti ambayo nilijua, kwa pua yangu mwenyewe, kuwa ndiyo bora kuliko zote. Niliitoa kipimajoto kikiwa bado hakijalia. Nilikwenda nayo kwetu kwenye Idd kwanza, niionyeshe kwa mama, kisha nikarudi nayo na kumpa dereva. Lori lilikuwa limeshapinda kona nilipokumbuka pakiti ililala wapi siku tatu: ndani ya sanduku, katikati ya nguo zilizofukizwa. Na chai hunyonya kila harufu inayoikaribia. Nilikaa chini palepale kwenye changarawe nikajilaani. Mara mbili, udi uleule, mtu yuleyule.

Dereva alirudi baada ya siku nne na karatasi. Mwandiko ulikuwa umetetemeka zaidi kuliko mwaka uliopita.

Hii ndiyo, alikuwa ameandika.

Nilihamaki. Nilisema kwa sauti, mbele ya dereva, kwamba hiyo chai imeharibika, kwamba mzee huyu sasa amezeeka kweli. Halafu nikalia, na dereva akajifanya anakagua matairi.

Nilipokwenda tena kwetu nilimsomea mama karatasi hiyo, nikamsimulia yote tangu mwanzo. Alikuwa anatia makaa kwenye chetezo. Akafikiri, akaniuliza huyo Mhindi alikuwa na maana gani: alisema chai ndiyo, au udi, au mama yake, au huyo Mungu wake?

Nikamwambia sijui. Akasema basi nimpe mtandio wangu, aufukize.